Mwezi wa Mkasi

Ukungu umeingia tangu juzi, haujaaga.
Umekaa barazani kama mgeni asiyejua kuondoka,
umemeza ukuta wa jirani, umemeza mkomamanga,
sasa unalamba kioo cha dirisha la jikoni.
Hapa Saiq, juu ya mlima, saa nane mchana,
nawasha taa ili nione chumvi.

Dada yangu Thuwaiba ananitumia sauti kutoka Wete:
kaskazi imetukaanga, feni imekufa,
watoto wanalala sakafuni. Wewe una raha,
uko kwenye baridi.
Raha!
Nimevaa soksi mbili mbili, sweta la mume wangu,
na juu yake joho la marehemu baba yake.
Nikipumua naiona pumzi yangu ikitoka
kama roho iliyochoka kukaa nami.

Kwetu tulikuwa na kipupwe, tukakiita baridi.
Mama alituvalisha mashati ya mikono mirefu
nasi tukajidai tunatetemeka.
Kipupwe! Kingefika huku kingeomba blanketi.

Asubuhi falaji iliganda ukingoni,
ngozi nyembamba ya barafu, kama utando wa maziwa.
Ghalya aliivunja kwa kidole, akanionesha kipande,
kikayeyuka kabla sijasema mashaallah.
Halafu mvua ya mawe. Ikalipiga bati la banda
kama mtu anayemwaga mbaazi kwenye sinia la shaba.
Mbuzi wakanitazama mimi,
kana kwamba ndimi niliyewatupia.

Kuna siku nashindwa kutoka kitandani. Simwambii mtu.
Nasema kichwa. Nasema mafua.
Hilal anarudi kutoka kazini Nizwa, ananikuta gizani,
anaisogeza hita karibu na miguu yangu, haniulizi.
Namshukuru kwa kutoniuliza.
Siku nyingine ningependa aniulize.

Mama mkwe, Bi Shinuna, hana mchezo na majira.
Mwezi huu kwake ni mwezi wa mkasi.
Alinitoa nje kwa mkono,
tukashuka ngazi za makonde hadi kwenye mawaridi.
Mawaridi gani? Vijiti. Miiba. Fimbo za kuchapia punda.
Akakata. Akakata tena, karibu na shina.
Nikamwambia, kwa Kiarabu changu cha kuungaunga,
kwamba ataiua.
Akacheka mpaka akakohoa, akanipa mkasi:
"Basi kata wewe, vidole vyangu vimeganda."

Nikakata.
Mwiba ukanipata kidole gumba, ukapenya glavu,
nikatukana tusi la Kipemba
ambalo sijalitumia miaka kumi na moja.
Likatoka zima, linafuka mvuke.
Likanipasha.

Sasa nahesabu.
Mlozi utatangulia, ungali uchi, hauna hata jani;
kisha mishmishi; kisha, Mungu akipenda,
Machi ikielekea ukingoni, waridi la kwanza.
Tutachuma kabla jua halijawa kali,
jiko la udongo litafuka, chungu cha shaba kitatoa jasho
tone kwa tone,
na nyumba nzima itanuka kama shingo ya bibi harusi,
kama jeneza pia,
maana wote wawili huwarashia chupa moja.

Nilitaka kumwandikia Thuwaiba: nangoja...
neno likanikwama.
Tuna kaskazi na kusi, tuna masika na vuli,
hatuna jina la hiki ninachokingoja.
Kitabu cha shule kilikiita machipuko;
mwalimu Faki alilitamka haraka haraka
kama mtu anayesoma anwani ya watu wengine.
Nikafuta. Nikaandika:
baridi ipo. Kidole kimevimba.
Nitakuletea chupa mbili.

Leo ukungu ulipasuka, robo saa hivi.
Nikayaona makonde yote, ngazi kwa ngazi, mpaka bondeni,
na shuka zangu za juzi kambani
zimekakamaa kama milango.

Nikagonga.