Kitasa cha Pili

Leo nakabidhi funguo za maabara, hapa Muhungu,
tatu za shaba na mmoja uliopinda,
na kijana wa ofisi anataka nijaze fomu.
*Kazi uliyofanya.* Mstari mmoja. Nusu sentimita.

Niandike nini?
Miaka ishirini na saba nilikaa mlangoni.
Si mlango wa mtu. Mlango wa seli nyeupe,
askari wa damu, ambaye kumtafuta kwa jicho tupu
ni kutafuta punje ya chumvi
uliyoitupa ziwani juzi.

Mama, aliyeuza sambaza sokoni Kadutu,
aliniuliza kila Jumapili: "Nsimire, bado uko mlangoni?
Hawajakukaribisha tu?"
Akicheka, akinipakulia bugali.
Nikamweleza kwa makomeo ya nyumba yetu,
maana mwaka ule wa risasi tulikuwa nayo mawili,
la juu chuma, la chini mti wa mkaratusi.
Kirusi nacho, mama, hubisha hodi.
Hushika kitasa cha kwanza kwa upole, kama mkwe.
Kikishashika, chenyewe hubadilika umbo,
bega hushuka, kiuno hugeuka,
mkono uliofichwa hujitokeza
ukapapasa kitasa cha pili.
Hapo. Kati ya vitasa hivyo viwili
ndipo nilipomalizia macho yangu.

"Na seli haipigi kelele?"

Haipigi. Huitikia karibu.
Ndiyo adabu iliyozaliwa nayo.

Mama akafunika sufuria, akanyamaza hadi jioni.

Cishugi, mdogo wangu, alikuwa dereva wa lori la bia, njia ya Uvira.
Alipenda viatu vinavyolia.
Mwaka tisini na saba mashavu yakaanza kuingia ndani,
watu wakasema karuho, wakamtaja na jirani.
Dawa zilikuwepo, lakini Bulaya,
kama vile jua nalo lipo usiku.
Nilimzika nikiwa na shahada moja na viatu vyake.

Usiniulize kama ndiyo sababu.
Wageni wenye vinasa sauti hupenda iwe ndiyo sababu.
Nilipenda tu, Mungu anisamehe,
nilipenda ufundi wa yule mwizi:
jeni tisa, nyuzi mbili, basi,
na anavyoandika kinyumenyume
mpaka jina lake liingie katika daftari la ukoo wa seli,
ukurasa wa katikati, wino uleule,
na hakuna wa kuuchana.

Kuna usiku kuran ilikatika, ikawa siku ya nne,
jenereta ikakohoa, ikafa.
Mimi na fundi Zihalirwa tukapakia mirija mia tatu na kumi
katika kasha la samaki la mama, barafu chini, maranda juu,
tukashuka ngazi za matope mvua ikitupiga mgongoni.
Kizuizini: "Humo mna nini?"
"Sambaza."
"Mbona hainuki?"
Zihalirwa akasema: "Ya leo hii, kamanda."

Iliyofaa kazi baadaye ni arobaini.
Katika hiyo, mmoja, wa mama fulani wa Kabare,
mume alikufa, mke mwenza alikufa, yeye akilima.
Miaka sita nilisoma kitasa chake cha pili,
herufi kwa herufi,
hadi nikaona palipolegea:
mkono ukipapasa, unashika hewa.
Nikaandika kurasa nane. Wamezitaja watu kumi na mmoja,
wawili kati yao kunipinga.
Si dawa. Sijawahi kusema ni dawa.
Nilipompelekea habari, yule mama alikuwa anapura maharagwe.
"Kwa hiyo siumwi?"
Huumwi.
"Hilo nilikuwa nalijua," akaendelea kupura.

Mama hakuisikia hii. Alitangulia mwezi wa pili, kabla ya majibu.

Kijana anatazama saa.
Naandika: *Mlinzi.*
Anasoma, anakuna kichwa: "Dokta, hiyo ni kazi ya watu wa getini."
Wakati huohuo Ntakwinja, mwanafunzi wangu wa mwisho,
yuko nje na daftari lake lililolowa.
"Hodi," anasema.

Nasita kidogo,
kwa mazoea,
kabla sijaitika.