Taya Lililohamia Sikioni

Mwezi wa nne upepo wa Gobi hauna adabu:
unaingia kinywani kabla ya neno,
unakaa kwenye meno kama mgeni asiyeaga.
Kazi yangu ni chekeche.
Mchanga mwekundu, maji kidogo, tikisa, tazama.
Siku kumi na moja, changarawe.
Ya kumi na mbili, taya,
fupi kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho,
meno manne yamesimama bado
kama watoto waliosahauliwa kwenye foleni.

Khishigjargal akalala kifudifudi, lenzi jichoni.
Mtaalamu mzima, ana shahada ukutani kule Ulaanbaatar,
akaninong'oneza kama mwizi:
"Huyu alikuwa na manyoya. Alitoka usiku.
Mchana ulikuwa na wenyewe,
wenye miguu ya kutikisa nchi.
Yeye akachukua masazo: giza, baridi, wadudu,
akajipikia joto lake ndani ya ngozi."

Jioni nilimweleza mama. Hakuinua kichwa.
"Wanakulipa kwa jino la panya?"
"Si panya."
"Alikuwa na mkia?"
"Alikuwa nao."
"Basi."

Alikuwa na lake la kumkera:
ngamia mweupe, uzazi wa kwanza,
uchungu wa siku mbili, na sasa
ndama akisogea anapigwa teke.
Kiwele kimejaa mpaka kinang'aa,
mtoto analia njaa hatua tatu pembeni.
Nimesafiri jangwa hili lote kwa lori;
sijaona umbali mrefu kuliko hizo tatu.

Kwenye chai ya chumvi Khishigjargal alituchorea majivuni, kwa kijiti.
Maziwa, alisema, yalianza kama jasho
likilowesha mayai,
kabla hapajawa na chuchu hata moja duniani.
Yupo bado kule Australia, mwenye mdomo wa bata:
wanawe hulamba tumbo lake
kama sisi tulivyolamba sufuria.
Mwingine alirefusha vidole mpaka vikawa mbawa.
Mwingine alichoka na nchi kavu, akarudi baharini,
miguu ya nyuma akaificha ndani ya nyama.

"Nyangumi ananyonyesha?" mama akauliza. "Majini?"
"Majini."
"Na ndama hapaliwi?"
Shahada ikanyamaza ukutani, mbali.

Kisha akagusa shavu lake, hapa, mbele ya sikio.
"Vifupa viwili vya kiungo cha taya
vilivyotafuna kwa ajili ya wahenga wetu
vilipungua, vikalegea, vikahama,
vizazi visivyo idadi,
mpaka vikaingia sikioni.
Huyu mdogo wetu alishavihamisha:
alimsikia mbawakawa akitembea gizani.
Nawe unanisikia sasa
kwa kilichokuwa kikitafuna."

Mama akachokoa sikio kwa njiti ya kiberiti.
"Ndiyo maana ninyi wasomi mnatafuna maneno."

Alfajiri Gombosuren alikuja na zeze lake la nyuzi mbili,
singa za farasi aliyemzika mwenyewe.
Mama akaweka kiganja shingoni mwa yule mweupe,
akaanza: hoos, hoos, hoos,
neno lisilo na maana
ila hiyo ya kurudiwa.
Saa nzima. Ngamia akitazama pengine,
kama mtu anayedaiwa.
Nilikuwa karibu kuondoka
nilipoliona sikio likigeuka,
sikio tu, kabla ya shingo,
na ndani yake, najua sasa,
vile vifupa vitoro vikitetemeka.
Jicho likajaa maji.
Mguu wa nyuma ukalegea.
Ndama akapita chini yake kama anayeingia mlangoni,
na tukasikia, sote, kunyonya.

Hakuna aliyesema kitu.
Gombosuren alipangusa pua kwa mkono wa joho.

Baadaye mama akaniomba taya.
Nikalitoa kwenye pamba, ndani ya kisanduku cha kiberiti.
Akaliweka kiganjani, kiganja kile kile,
kingali kinanuka ngamia,
akakisogeza sikioni.
Nikangoja.
"Lina mchanga," akasema,
akanirudishia, akaenda kutafuta ndoo.