Hatua Mia Tatu

Daktari wa nyonga alisema mia tatu kwa siku,
labda na ishirini kama hakuna unyevu.
Basi nimenunua daftari la mistari
na ninapanga likizo kama mwenye duka aandikavyo deni:
hatua zinazoingia, hatua zinazotoka,
na mama yangu Pavla, miaka themanini na mmoja,
ndiye hazina yote.

Nilipiga simu Bohinj, kwa mwenye nyumba ya wageni.
Kuna ngazi?
Chache tu, bibie.
Chache ngapi?
Kimya. Kisha mlango, kisha slipa zake zikishuka,
anahesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea.
Kumi na moja.
Na reli ya kushikia? Upande mmoja.
Upande gani?
Akaguna, akarudi kutazama. Wa kushoto, ukipanda.
Nyonga mbovu ni ya kulia.
Nikaandika: tunaichukua. Kushuka tutajua huko huko.

Tuko tisa, na hakuna miguu miwili inayofanana.
Mjomba Vinko huvuta pumzi
kama mtu avutaye ndoo iliyotoboka.
Zala ana miezi minane, hatua hana hata moja,
husafiri kwa mikono ya watu.
Lenart, kumi na sita, anataka kilele,
kilele chochote, mradi sisi tusiwepo.
Na kaka yangu Bogdan ameandika kutoka Maribor:
kwa nini tusiende baharini, kule kote tambarare?

Sijamjibu.
Husemwa milima haikutani, hukutana binadamu.
Lakini sisi tangu tumzike baba
tumekutana kwenye simu tu,
kila mtu na kilele chake, kila mtu na ukungu wake.

Haya. Siku ya tatu.
Kutoka gari linapoegeshwa hadi kigari cha waya: sitini.
Katikati kuna benchi, nimeliona pichani,
ijapokuwa pichani limelaliwa na mbwa.
Kigari kinapaa chenyewe, hakidai kitu.
Juu, hadi mlango wa mkahawa: thelathini,
ila ni changarawe, na changarawe nahesabu mara mbili.
Supu ya uyoga.
Choo: kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi.
Kisha njia ile ile hadi garini.
Jumla, mia mbili sitini na nne.
Nikapiga mstari chini yake, nikajisikia mhandisi.

“Umesahau ngazi za mgeni wako,” mama akasema.
Nilidhani amesinzia.
“Kumi na moja asubuhi, kumi na moja jioni.
Zimebaki kumi na nne. Mimi nataka arobaini.”

Za nini?

Nyuma ya mkahawa, akasema, kabla haujawa mkahawa,
palikuwa na hori la mawe.
Alikuwa na miaka kumi na tisa, ng'ombe saba,
na mmoja, Liska, aligoma kunywa
mpaka umtie mkono majini kwanza.
“Ishirini kwenda, ishirini kurudi. Ni nyasi, si changarawe.
Nazijua.”

Mama, huenda hori halipo.
“Basi nitarudi na zote ishirini.”

Nikamwambia tutamsukuma kwenye kiti.
Akanitazama jinsi alivyokuwa akinitazama
nilipoleta ripoti ya shule.
“Sitakunywa supu,” akasema. “Bila supu, hakuna choo.
Ishirini na nne hizo, weka na zako kumi na nne.”

Thelathini na nane, mama.

“Mbili nitakopa kwa Zala.
Yeye bado hana pa kuzitumia.”

Nje theluji ya mwisho ilikuwa inadondoka kutoka paani,
tone, tone, pasipo kuhesabiwa na mtu.
Nikafungua ukurasa mpya.
Pavla anadaiwa na Zala, nikaandika: hatua mbili.
Nikamuuliza atalipa lini.
Alikuwa amekwisha sinzia, safari hii kweli,
mkono mmoja juu ya meza,
vidole vimekunjuka kidogo, kama vilivyomo majini.