Koleo

Leo nimefungua droo ya dada yangu Lucyna,
ile ya kushoto, inayokwama wakati wa baridi.
Kesho wanakuja watu wa makumbusho kutoka Warsaw
kuchukua "vitu vya mwandishi", ndivyo walivyoandika kwenye barua,
na nimebaki mimi peke yangu wa kusema
kipi ni kitu na kipi ni takataka.

Miwani yenye mkono mmoja: takataka.
Kopo la chai, ndani yake meno ya utoto, sijui ya nani.
Na hili hapa koleo la kutobolea tiketi,
zito, limeshika kutu kwenye bawaba,
linalong'ata karatasi na kuacha tundu lenye umbo la nyota.

Mnalijua. Limo katika kila kitabu chake.
Mama yumo ndani ya tramu namba saba, Łódź, theluji hadi magotini,
mkoba wa ngozi kifuani, koleo mkononi likilia ka, ka, ka,
na Lucyna wa miaka sita amekaa nyuma ya dereva
akihesabu nyota zinazoanguka sakafuni.
Anapanda mzee asiye na nauli.
Mama anatoboa hewa mbele ya uso wake,
anamwambia, "Asante, bwana. Kaa."
Watu wameulilia ukurasa ule. Barua zao ninazo.

Sasa nisikilizeni mimi, Halszka, kifungua mimba:
Mama hakuwahi kufanya kazi kwenye tramu.
Alikuwa kiwanda cha nguo, akiunga nyuzi zilizokatika,
miaka ishirini na minane, hadi sikio la kushoto likafa,
akirudi nyumbani na pamba kwenye nyusi
kama mtu aliyezeekea njiani.
Koleo aliliacha mpangaji wetu, bwana Ignacy,
badala ya kodi ya Februari.
Mama alitaka kulitupa.
Kisha akalitumia kuongeza tundu kwenye mkanda wangu
mwaka ule nilipokonda.

Nilimwambia Lucyna, tena si mara moja.
Alikuwa jikoni akimenya viazi kwa kisu butu.
Nikasema, "Unamsingizia marehemu."
Hakuinua kichwa.
"Kiwandani watoto hawakuruhusiwa, Halszka.
Nilimtaka mahali ambapo ningeweza kukaa naye."

Nilinuna wiki nzima.
Njia ya mwongo ni fupi, husema watu;
ya dada yangu ilikuwa na reli, na nyaya juu,
na vituo thelathini, na kila kituo
walipanda wageni wakimwita mama yangu kwa jina.

Kinachoniudhi ni hiki.
Usiku wa kuamkia leo usingizi ulikataa kuja,
nikautafuta uso wa Mama pale mashineni.
Niliipata pamba. Nilikipata king'ora cha zamu,
na harufu ya mafuta, na viatu vyake vya mbao.
Uso, la.
Uso ulikuja na tramu.
Ulishuka na kofia ya bluu ambayo hakuwahi kuwa nayo,
pua nyekundu kwa baridi,
ukaniuliza mimi, bibi wa miaka themanini na mmoja,
"Tiketi?"
Nami, Mungu anisamehe, nikapapasa mfuko wa gauni la kulalia.

Watu wa makumbusho wameniletea fomu.
Kitu: koleo la chuma. Lilikuwa la nani?
Nimeshika kalamu hadi chai imepoa.
Bwana Ignacy alikuwa na herufi sita tu, zingetosha kwenye mstari.
Nimeandika: la Mama, tramu namba saba.

Kisha nimeitoboa fomu pembeni, ka,
na kile kipande cheupe, kidogo kuliko punje ya mtama,
nimekitia ndani ya kopo pamoja na meno.
Hicho hawataondoka nacho.