Chupa za Dawa

Tanuri letu la udongo, hapa Herati, lina matundu matatu.
Mimi nilianza kwa kuokota chupa:
za soda, za siki, na vioo vya madirisha
vilivyovunjika usiku ule ambao nyumbani hatuutaji.
“Ya kahawia usinitilie,” alisema baba. “Inachafua buluu.”

Buluu yake aliipika kwa magamba ya shaba
aliyoomba kwa Khalifa Toryalai, mfua masinia.
Bomba la chuma mdomoni, shavu limevimba kidogo tu;
taa hubembelezwa,
kama mtoto asiyetaka kuamka.

Kisha kifua chake kikaanza kukwaruza.
Chupa za dawa zikajipanga dirishani,
kahawia, moja, tano, kumi na mbili,
nami nikizihesabu kwa jicho la muokota chupa,
Mungu anisamehe.

Alhamisi moja umeme ulikatika.
Nilizitia zote tanurini bila kuuliza.
Nikapuliza. Ya kwanza ikapasuka.
Ya pili ikadondoka majivuni.
Ya tatu ikasimama kwa kuegemea, shingo fupi,
rangi ya chai iliyolala.

Baba aliigeuzageuza mkononi, kimya,
akakikuna kiputo kimoja kwa ukucha
kama anayetafuta mlango.
“Imepinda.”
“Imepinda, baba.”
Akakohoa, akaniangalia.
“Haya, leta mafuta.”

Wateja wakija huiulizia bei, ile ya pembeni,
iliyopinda.
Mama huwaonyesha za buluu.