Yupo

Kazi yangu ni masikio.
Mwaka wa kumi na mmoja huu
naandika wasemayo Bungeni, neno kwa neno.
Kikohozi nakiacha,
kicheko nakitia mabano.

Jumatano, wa kaskazini alisimama mara nne
kwa ajili ya kisima kimoja.
Mara ya nne Spika mwenyewe akachoka:
"Mheshimiwa, tumekusikia."
Nikaandika: tumekusikia.
Bajeti ilipotoka, kisima kilikuwamo,
mstari wa mia mbili na kumi,
tarakimu zimenyooka kama mabomba.

Wetu sisi wa mashariki ya jiji
hukaa kiti cha tatu kutoka mlangoni.
Tai nzuri. Sahihi ya mahudhurio haikosi.
Nimemtafuta kwenye kumbukumbu
kama atafutaye sarafu chini ya kochi:
miaka mitatu, sentensi mbili.
Ya kwanza, "Naunga mkono."
Ya pili, aliuliza kama kipaza sauti kinafanya kazi.
Kilikuwa kinafanya.

Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga.
Huyu hawakumwona:
yeye yupo,
lake ndilo halipo.

Sidai maneno huzaa umeme.
Wapo wangurumao, na kwao wanasoma kwa koroboi.
Lakini sijawahi kuona fungu la fedha
likitafuta njia peke yake hadi Njiru.

Huko Njiru wifi yangu Nyaboke huchomelea mageti.
Transfoma iliungua Januari.
Jenereta inakunywa faida,
na oda ya madawati mia mbili ikahamia Thika,
ikafuatwa na vijana wake watatu,
wawili wamebaki, wanapiga msasa kwa mkono.
Ananiuliza, kinyago cha chuma kipajini,
"Leo wamesema nini kutuhusu?"

Usiku vidole huniwasha.
Kati ya "Naafiki" na "Kikao kimeahirishwa"
mstari mmoja ungeenea, nani angejua?
Ningejua mimi.
Lisilosemwa siliandiki.

Basi nimechukua chaki yake,
juu ya bati la geti la mteja aliyechelewa kulipa
nimeandika: Jumatatu, saa tatu,
kamati ya bajeti, maoni ya wananchi,
ukumbi wa chifu.
Njoo na mikono hiyo hiyo, usiifute masizi.
Taja jina lako kwanza.
Sema polepole, wifi,
zamu ni yangu.