Betri ya Duara

Mabela, mwezi wa saba, saa nne usiku.
Ukuta bado unapumua jua la mchana,
nami, mwanagenzi, nataka kompyuta iende mbio
kuliko ilivyoumbwa.

Prosesa kwanza: nne nukta mbili. Ikakubali.
Nne nukta tano. Ikakubali, feni ikaguna.
Mundhir alinionya kwa simu kutoka Sohari:
"Hatua moja, kisha pima. Volti usiiguse kwa pupa."
Nikasema haya, haya, nikaruka hatua tatu.
Nyuzi tisini na moja!
Nikaburuta meza chini ya kiyoyozi.
Mama akagonga ukuta: bili hiyo atalipa nani?

Ikaja zamu ya kumbukumbu.
Nikaikaza kama mshipi wa bwana harusi.
Skrini ikafa.
Nikabonyeza. Kimya. Nikasoma Fatiha, nikabonyeza.

Nikafungua ubavu, nikaing'oa kwa ncha ya bisibisi
betri ya duara, ndogo, kama kifungo cha dishidasha,
nikangoja muda wa kikombe cha chai ya maziwa.

Ikaamka imesahau kila nilichoifundisha,
hata leo ni lini. Ikaandika: Januari mosi,
elfu mbili na kumi na tisa.

Siku hiyo Baba yupo. Yuko soko la Siib,
anabishana na muuza jodari kwa baisa mia.

Vidole vikabaki juu ya herufi.
Prosesa nyuzi thelathini na nne, imetulia,
haina haraka ya kwenda popote.

"Hujamaliza?" Mama, mlangoni.
Bado. Narekebisha saa.